Jinsi Gaudensi Alivyojaza Fomu ya Kazi

Mwezi uliopita nilistaafu. Walimu wenzangu walinizawadia mwavuli, tena katikati ya kiangazi, kisha wakaniomba niwaandikie vijana wanaobaki mambo machache kuhusu kazi yangu. Nilifundisha historia miaka yote hiyo, lakini historia hakuna aliyeiulizia. Walitaka habari za ile kazi yangu ya pili, ya kuwashauri wanafunzi wa madarasa ya juu wafanye kazi gani watakapotoka shuleni. Siku hizi kazi hiyo ina jina refu, ina ofisi na ina kabati lenye kufuli. Nilipokabidhiwa mimi haikuwa na jina. Ilikuwa na sanduku la mbao lililowahi kutiwa sabuni.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara ilijitahidi isivizidi.

Shule yetu ilikuwa nje ya mji, kwenye njia ya Temeke, enzi za Mwingereza, baada ya vita vikuu vya pili. Pande zote ilikuwa mihogo na mikorosho, na mtu akisema anakwenda mjini aliaga kama anayesafiri. Wanafunzi walitoka nchi nzima na walilala bwenini. Darasa la Kumi na Mbili ndilo lilikuwa mwisho wa elimu. Hivyo vidato vya tano na sita mnavyovifundisha nyie vilikuwa havijazaliwa. Kijana aliyefika Darasa la Kumi na Mbili alionekana amesoma hadi ukingoni, hatua moja zaidi ataanguka.

Aliyenikabidhi lile sanduku ni Mwalimu Zakaria, mtu wa bara, mrefu, mpole, aliyekuwa amechoka kwa namna ya heshima. Alinifundisha kazi yote kwa muda wa kuvuta sigara moja.

"Ni kazi rahisi, Saidi," aliniambia. "Tazama mwandiko. Mwandiko mzuri, karani. Mwandiko wa kati, mwalimu. Mwandiko mbaya, bwana shamba."

"Kwa nini bwana shamba?"

"Mihogo haisomi."

Nikamuuliza mwandiko wake yeye ulikuwaje. "Wa kati," alisema, na hakucheka.

Ndani ya sanduku mlikuwa na vijitabu kutoka Uingereza, vya kuwafungua macho vijana wetu. Kimoja kilieleza jinsi kijana mwenye bidii anavyoweza kupanda hadi kuwa mkaguzi wa migodi ya makaa ya mawe, na kikamsihi asisahau nguo nzito za ndani. Kingine kilihusu watunzaji wa minara ya taa kwenye bahari ya baridi. Nilivisoma vyote, kwa kuwa nilikuwa kijana na nilidhani Serikali haitumi kitu bila sababu.

Siku yangu ya kwanza nilisimama mbele ya darasa nikazungumza karibu nusu saa juu ya uhuru wa mtu kuchagua kazi inayolingana na kipaji chake. Nilijisikia vizuri sana. Kijana mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wewe ulichaguaje ualimu?"

Ukweli ni kwamba sikuchagua. Nilikuwa nimesimama mstarini, Mzungu mmoja akapita akinyoosha kidole, "Wewe, wewe, na wewe." Nilimjibu yule kijana kwamba muda wa kipindi umekwisha. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na tano.

Jumamosi tulikuwa na shughuli za kupanua akili. Kulikuwa na chama cha mdahalo, ambacho mada zake zilichaguliwa na Hedimasta mwenyewe ili zisimkere mtu yeyote aliye hai. Muhula mzima tulijadili kama mbuzi ana faida kuliko ng'ombe. Kulikuwa na bendi yenye tarumbeta moja na wapigaji sita, waliopokezana kama wagonjwa wanaosubiri kipimajoto kimoja. Na kulikuwa na chama cha gramafoni, ambapo vijana walikaa kimya wakimsikiliza mwanamke wa Kizungu akiimba kwa uchungu. Mmoja aliniuliza kwa huruma ya kweli kama yule mama amefiwa. Nilisema sijui, lakini tuheshimu.

Ziara ndizo zilikuwa na maana. Niliwapeleka Kawe kwenye kiwanda cha nyama, na kijana aliyekuwa amenihakikishia kwamba atakuwa daktari akazimia alipomwona ng'ombe wa kwanza. Niliwapeleka Keko kwa Fundi Mbwana, seremala aliyetengeneza vitanda kando ya barabara. Fundi alimpa mwanafunzi wetu wa kwanza darasani randa na ubao. Kijana akasukuma, randa ikakwama, ubao ukachanika nyuzi.

"Umekwenda kinyume," Fundi alisema. "Ubao wenyewe unakwambia upande wa kwenda. Umesoma miaka kumi na mbili hukuusikia?"

Kijana akasema vitabuni hawajafika kwenye ubao. Fundi akachukua randa yake akaifuta, kama iliyoguswa na mtu mwenye upele.

Basi kazi iliendelea hivyo, haimdhuru mtu wala haimsaidii mtu, mpaka ilipokuja fomu.

Ilitoka kwa Bwana Elimu, ndivyo tulivyomwita ofisa wa Kizungu aliyesimamia shule za sehemu yetu. Iliitwa Fomu ya Makusudio. Kila mwanafunzi wa Darasa la Kumi na Mbili alitakiwa aandike, kwa hiari yake na bila kushurutishwa na mtu, kazi tatu anazozitaka, kila moja kwenye mstari wake. Asiyejaza ipasavyo jina lake lisingepelekwa kwenye orodha ya mtihani wa mwisho. Hiari ya namna hiyo tulikuwa tumeizoea.

Nilizikusanya fomu, nikazipeleka kwa Hedimasta bila kuzisoma. Kosa hilo msilifanye. Kabla ya kengele ya mchana niliitwa ofisini.

Hedimasta wetu alikuwa Mzungu mwenye nia njema. Alikuwa amefaulu mtihani wa Kiswahili wa Serikali, kwa hiyo alisema Kiswahili safi ambacho hakijawahi kusemwa na mtu yeyote. Alinisukumia fomu moja mezani. Ilikuwa ya Gaudensi, kijana wa Kikristo kutoka kusini, mtaratibu, ambaye ukimwuliza swali aliinamisha kichwa kwanza kama anayesikiliza mtu wa chumba cha pili. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Kwenye mstari wa kwanza alikuwa ameandika: Bwana Shauri. Kwenye wa pili: Bwana Shauri. Kwenye wa tatu vilevile.

Vijana wa leo hamkumjua Bwana Shauri. Ndiye Mzungu aliyekaa bomani akitawala wilaya, akikusanya kodi na kukata kesi. Mwafrika kuandika anataka kazi ile ilikuwa sawa na kuandika anataka kuwa mwezi.

"Mwalimu Saidi," Hedimasta alisema, "je, kijana huyu amekusudia kutufanyia mzaha?"

"Hapana, bwana. Huyu hajui mzaha."

"Hilo ni baya zaidi." Akavua miwani. Siku zile Serikali ilikuwa na masikio makubwa, na ilisikia siasa hata mahali palipokuwa na kikohozi tu. "Bwana Elimu atakuja kuzichukua fomu mwisho wa mwezi. Nitamwonyesha fomu iliyojazwa na mtu mwenye akili, au sitamwonyesha ya kijana huyu kabisa. Wewe ndiye mshauri. Basi, mshauri."

Alasiri nilimkuta Gaudensi darasani akifuta ubao.

"Umeandika nini kwenye fomu?"

"Bwana Shauri, Mwalimu."

"Mara tatu?"

"Mistari ilikuwa mitatu."

"Hujui kwamba ile ni kazi ya Wazungu?"

"Fomu haikusema hivyo, Mwalimu. Nimeisoma mbele na nyuma."

Nilikaa kwenye dawati. Nikamwuliza kwa upole, ule upole tunaoutumia tunapokuwa tumekwisha kuamua, amejuaje kwamba anaiweza kazi yenyewe. Akainamisha kichwa.

"Nimeiona ikifanywa. Likizo huwa nakaa barazani bomani kwetu. Baba yangu ni karani mkalimani pale. Mtu anakuja na kesi ya shamba, anasema robo saa. Baba anamwambia Bwana Shauri maneno matatu. Bwana Shauri anauliza, 'Mila zao zinasemaje, karani?' Baba anamwambia. 'Na wewe unaonaje?' Baba anamwambia. Bwana Shauri anaandika. Tangu nizaliwe wamebadilika Mabwana Shauri watano, Mwalimu. Hukumu hazijabadilika."

Mshauri aliyeshindwa hoja hushika cheo chake. Nilimwambia aandike karani. Nilisema ni kwa faida yake. Nilisema mtu huanza chini, akionekana ana adabu atapandishwa.

"Baba naye aliambiwa hivyo," alisema. "Bado yuko palepale. Lakini ukiniamuru, Mwalimu, nitaandika. Nitaandika na chini yake kwamba nimeamriwa, kwa sababu fomu inataka hiari."

Nilirudi nyumbani kwa baiskeli nikiwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa woga. Mwalimu aliyelea kijana wa siasa angeweza kuhamishiwa shule ambayo hata barua zilikata tamaa kabla ya kufika. Usiku huohuo nilimwandikia baba yake. Nilimweleza yote kwa heshima, nikitumaini kwamba atamjibu mwanawe kwa fimbo, na hivyo kazi yangu ya ushauri itafanyika bila mimi.

Hakujibu. Alikuja mwenyewe. Alisafiri siku nne kwa lori, akatokea mlangoni kwangu Jumapili asubuhi amevaa kaki iliyopigwa pasi, sijui wapi na saa ngapi, na kofia ya jua mkononi. Aliitwa Mzee Benedikto. Alikuwa mtu mdogo, mkavu, mwenye sauti ya chini sana, ya mtu aliyezoea kusemea watu wengine.

Nilimtuma mtu amwite Gaudensi kutoka bwenini. Kijana alipomwona baba yake alisimama mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa. Nasikia unataka kunifukuzisha kazi."

Mke wangu, Bi. Mwanaidi, alileta chai na vitumbua, kisha akaenda kukaa nyuma ya pazia, mahali ambapo aliamini hatujui kwamba anasikia.

Mzee Benedikto hakupandisha sauti. Alisema amefanya kazi bomani miaka kumi na minane bila doa. Alisema Bwana Shauri wa sasa akisikia kwamba mtoto wa karani wake anakitaka cheo chake, atajiuliza huyo mtoto amefundishwa nini nyumbani. "Una wadogo zako wanne," alisema. "Andika karani."

"Nitaandika, baba, ukisema niandike," Gaudensi alijibu. "Ila niambie kitu kimoja. Ile kesi ya mto, watu walipotaka kuuana, nani aliiamua?"

"Bwana Shauri."

"Bwana Shauri alikuwa na homa, baba. Alikuwa kitandani. Ulimwamsha atie sahihi."

Nyuma ya pazia mtu alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Mzee Benedikto alitazama kikombe chake. Uso wake ulikuwa haueleweki, lakini kisha akageuka kutazama mlango, kama anayehofu kuna mtu wa bomani nje, na hapo nikaona aibu ya lile nililolifanya. Nilikuwa nimemsafirisha mtu siku nne ili mwanawe amwone anaogopa.

Bi. Mwanaidi akashindwa kuvumilia. "Jamani, samahanini," alisema kutoka palepale. "Hiyo karatasi inauliza mtoto anachotaka, au mnachotaka nyie?"

Nilifungua kinywa nimwambie ashughulike na chai. Mzee Benedikto akaniwahi.

"Inauliza anachotaka, mama," alisema polepole. "Lakini anayeisoma ni mtu mwingine." Akaweka kikombe chini. "Mwalimu, unayo fomu nyingine tupu?"

Ninayo, nikasema. Nilikuwa nimeweka tatu, kwa sababu ya uzoefu wangu na hiari.

"Nisikilize, Gaudensi. Mtu akija barazani akasema mbele ya Mzungu, 'Mmeninyang'anya shamba langu,' mie sisemi hivyo. Nikisema hivyo, Mzungu anakasirika, na yule mtu anarudi nyumbani hana kitu. Nasema, 'Anaiomba Serikali ilitazame tena suala la mpaka.' Ni neno lilelile. Nimelivisha viatu tu. Wewe unadhani nilikuwa nadanganya?"

"Hapana, baba. Sikujua tu kwamba ni kazi."

Mzee akatoa kalamu yake ya wino, akaandika kwa Kiingereza kile cha maofisini, herufi zake zikipangana kama askari kwenye gwaride. Nawapa maana yake: kijana huyu angependa kutumikia katika Utawala, kwa daraja lolote ambalo Serikali, kwa hekima yake na kwa wakati wake, itaona anastahili. Sentensi yenyewe ilikuwa ndefu, ikajaza mistari yote mitatu.

Niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimwona kijana mnyenyekevu. Mara ya pili nilimwona karani. Mara ya tatu nikamwona Bwana Shauri amejilaza katikati ya sentensi, miguu ameinyoosha, na hakuna mtu duniani atakayeweza kumtoa mle, kwa kuwa ni Serikali yenyewe iliyoachiwa iseme.

Gaudensi naye alisoma. Alianza kusema, "Lakini, baba, hapa hapajaandikwa—"

"Soma tena."

Akasoma tena. Kisha akacheka, nami nilikuwa sijawahi kumwona akicheka. Akanakili maneno yale kwa mwandiko wake kwenye fomu nyingine, akatia sahihi. Baba yake aliichana ile aliyoiandika yeye, akavitia vipande mfukoni. Kisha akala vitumbua vitano. Kesho yake alipanda lori kurudi kwao.

Hedimasta alifurahi mno. Bwana Elimu alifurahi kuliko yeye. Aliandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba huyu ni kijana wa mfano, anayejua nafasi yake. Akaagiza sentensi ile isomwe katika shule nyingine kama kielelezo cha unyenyekevu unaofaa. Mimi nilipata barua ya pongezi kwa ushauri wangu bora. Niliipokea kwa mikono miwili, nikaiweka kwenye lile sanduku pamoja na minara ya taa. Kwa miaka mingi sikumwambia mtu kwamba ushauri wangu ulikuwa "andika karani," na kwamba kama ungefuatwa, kijana angeandika karani.

Mwaka uliofuata nusu ya darasa walijaza sentensi ileile, wameinakili hadi koma. Bwana Elimu akahisi unyenyekevu umezidi, akazitupa zote, na fomu yenyewe akaifuta.

Gaudensi alifaulu mtihani, na kwa hekima yake Serikali ikaona anastahili kuwa karani. Alipelekwa kwenye boma moja la kanda ya ziwa akapiga taipu miaka kadhaa. Nilipata barua zake. Hakulalamika, ila aliniuliza mara moja kama bado nawashauri watu, nami sikujua anauliza kwa moyo gani.

Kisha upepo wa siasa ukawa mkali. Wakubwa wakaamua kwamba lazima waonekane wanawajaribu Waafrika wachache kwenye ubwana shauri, angalau wawe wasaidizi. Nilisimuliwa baadaye na karani aliyekuwapo jinsi walivyochagua. Walifungua mafaili ya zamani kuwatafuta vijana waliowahi kuiomba kazi ya Utawala wenyewe, kwa hiari. Walikuta mafaili yamejaa makarani, walimu na mabwana shamba, wote wameandika kama tulivyowashauri sisi washauri. Walioomba Utawala walikuwa wachache, na mmoja wao alikuwa na wino mwekundu pembeni.

Mzee Benedikto aliniandikia barua ya mstari mmoja: "Mwalimu, tafsiri imekubaliwa."

Nilimtembelea Gaudensi likizo moja, miaka ya mwisho kabla Mwingereza hajafunga mizigo. Walikuwa wamempeleka kaskazini kuwa Bwana Shauri, kwenye wilaya ya wafugaji, mbali na kwao kadiri ramani ilivyoruhusu. Lugha ya kule hakuijua hata salamu. Usiku wa kwanza, mezani, nilimwomba radhi kwa ile alasiri ya darasani. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba nzima.

"Uliogopa, Mwalimu," alisema. "Hata baba aliogopa. Mie nilikuwa mjinga tu, ndiyo maana sikuogopa." Akanisogezea bakuli la mchuzi, na hotuba yangu ikabaki tumboni.

Asubuhi nilikwenda kukaa barazani. Gaudensi alikuwa mezani, kalamu mkononi. Pembeni yake alisimama karani mkalimani, kijana nadhifu wa palepale, nywele zimechanwa njia. Mbele yao alikuwapo bibi kizee aliyegombania kisima na shemeji zake. Bibi alisema. Alisema kwa mikono, kwa mkongojo, akamwelekeza mtu mmoja, akaelekeza kilima, akapiga kifua, akalia kidogo, akajifuta, akaendelea. Watu wote walimsikiliza. Alipomaliza, karani alimgeukia Bwana Shauri wake.

"Anasema kisima ni chake, bwana."

Gaudensi aliinamisha kichwa. Kisha akalaza kalamu juu ya karatasi.

"Mama amesema muda wote huo, nawe unaniambia maneno manne?"

"Mengine hayana maana, bwana. Ni habari za ukoo."

"Mwombe radhi. Mwambie nimeomba aanze upya. Kila akisema kidogo, asimame, nawe uniambie yote, hata usiyoyapenda."

Karani alimtafsiria. Bibi alimtazama Gaudensi kwa muda, akaketi chini vizuri, akanyoosha miguu, akaanza na babu wa mumewe. Karani alitafsiri, jasho likimtiririka. Tulipofika kwenye kisima kivuli cha bendera kilikuwa kimehamia upande wa pili wa uwanja, mpishi alikuwa amekuja mara tatu kuchungulia, na shemeji wawili walikuwa wamelala. Chakula cha mchana tulikula saa kumi na nusu, kimepoa, na mimi nilikula chote.